Vidonge vya damu vikikusumbua, usivitupe ziwani

Mwezi huu twapenda kuzungumza jambo ambalo akina mama huambiana wao kwa wao wakianika dagaa, lakini wakifika kliniki hulinyamazia. Nesi huuliza, "Mama, vile vidonge vya damu umevimaliza?" Naye mama hujibu, "Nimevimaliza, nesi," kisha hupewa vingine. Kumbe nyumbani, ndani ya kopo la maziwa lililofichwa chini ya kitanda, vile vya mwezi uliopita vimo karibu vyote. Wengine huona hata kopo ni ushahidi mbaya, wakavitupa ziwani.

Mama huyu si mkaidi wala si mvivu. Alimeza siku ya kwanza, akatapika. Siku ya tatu tumbo likamsokota. Wiki ya pili akakaa siku nne bila kupata choo, na alipokipata kilikuwa cheusi kama masizi ya chungu, akaogopa kwamba anaoza ndani. Mamamkwe akamwambia, "Mwanangu, mimi nilizaa saba bila dawa hizo." Akaacha. Na kwa kuwa hakupenda kugombezwa, hakusema.

Twaanza na Goziba, na tuna sababu. Kisiwa hiki cha wavuvi, katika Wilaya ya Muleba, kiko mbali ndani ya Ziwa Viktoria. Mama wa Bukoba mjini akitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, gari litatafutwa, hata liwe bovu. Mama wa Goziba hana barabara. Ana mtumbwi wa injini, petroli kama ipo, saa kadhaa za maji, na upepo ambao haumwulizi mtu ana shida gani. Damu ya kuongezewa iko ng'ambo, kwenye hospitali za nchi kavu kama Rubya, Kagondo na Ndolage, au Bukoba. Ndiyo maana twasema kwamba mama wa kisiwani hana budi kupanda mtumbwi akiwa tayari na damu yake mwilini.

Kina mama hujifungua wakipoteza damu, hata pale mambo yanapokwenda vizuri. Ikizidi nusu lita, wakunga huita hiyo hatari. Mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza kiasi hicho, akapata kizunguzungu kidogo na kupona. Lakini aliyefika siku ile akiwa na damu nusu ya inayotakiwa, hicho hicho kidogo chaweza kumwondoa duniani kabla injini haijawashwa.

DAMU HUENDA WAPI?

Mjamzito huongeza damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla ya mimba. Maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembechembe nyekundu, kwa hiyo damu huwa nyepesi kidogo hata kwa mama mwenye afya. Mtoto naye hutaka madini ya chuma ya kujengea damu yake na ya kuweka akiba kwa miezi yake ya kwanza duniani, na kondo la nyuma hutaka fungu lake. Wataalamu hukadiria kwamba mimba moja hutumia takriban miligramu 1,000 za chuma, na sehemu kubwa ni katika nusu ya pili ya mimba. Sahani zetu za kila siku, hata zikiwa nzuri, kwa kawaida hazifikishi kiasi hicho. Hapo ndipo kidonge kinapoingia.

Kando ya ziwa kuna wezi wengine. Malaria huvunja chembechembe nyekundu, na sisi wa Muleba hatuhitaji kufundishwa juu ya malaria, maana mlipuko wa mwaka 2006 bado unakumbukwa. Kichocho hupatikana majini, hasa kwa wanaosimama ndani ya maji wakifua na kuosha samaki. Tena kuna minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni, na wazee walilitumia neno hilo hilo safura kwa ugonjwa wenyewe wa kupungukiwa damu. Hawakukosea. Mama anayemeza chuma huku malaria au minyoo ikichota damu yake anajaza mtungi uliotoboka. Kwa hiyo dawa ya kuzuia malaria itolewayo kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikipita, dawa ya minyoo baada ya miezi hiyo hiyo, na chandarua, vyote ni dawa za damu. Mwenye dalili za kichocho aseme, kwani nayo ina tiba ambayo mjamzito aweza kupewa akishavuka miezi mitatu ya kwanza.

Tatizo hili si la kisiwa kimoja. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 42 walikuwa na upungufu wa damu. Kipimo chake ni tone moja la damu ya kidoleni. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 11 za hemoglobini kwa desilita. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha kidogo, likaweka 10.5 kwa miezi mitatu ya katikati. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na huyo si wa kubaki kisiwani na vidonge. Anatakiwa hospitali. Ulizeni namba yenu, akina mama. Jibu la "damu yako ni nzuri kidogo" halitoshi, nanyi mna haki ya kuijua na kuona ikiandikwa kwenye kadi.

KIDONGE KINAPOGOMBANA NA TUMBO

Kidonge cha kliniki kwa kawaida huwa na chuma pamoja na asidi ya foliki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku. Mwili hauchukui chuma chote hicho. Sehemu kubwa hubaki utumboni, na hiyo iliyobaki ndiyo inayochokoza tumbo, kuleta kichefuchefu na kukausha choo. Tunasema hivi ili mama ajue kwamba hajaota. Maumivu yake ni ya kweli na yana sababu. Anayemwambia "vumilia tu" hajamsaidia.

Tuanze na choo cheusi, kwa kuwa ndicho kinachotisha zaidi na ndicho kisicho na neno. Ni chuma kilichobaki kikitoka. Isipokuwa choo kikiwa cheusi cha kunata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, au kina damu nyekundu, au mama anaona kizunguzungu, hapo aende zahanati bila kungoja.

Kuhusu kichefuchefu, saa ya kumeza ina maana kubwa. Ni kweli kwamba chuma huingia mwilini vizuri zaidi tumboni pakiwa patupu, na ndivyo wengi walivyofundishwa. Lakini kidonge kilichotapikwa hakimwongezei mtu damu. Kama asubuhi hukushinda, meza jioni baada ya kula, halafu ulale. Kichefuchefu kikija kikukute usingizini. Chakula kitapunguza chuma kinachoingia, nasi twaona hiyo ni hasara ndogo kuliko kopo chini ya kitanda. Katika wiki za mwanzo, mimba yenyewe huleta kichefuchefu, na mara nyingi kidonge husingiziwa kosa lisilo lake. Mama ambaye hata maji hayakai tumboni amweleze nesi, maana yeye aweza kumpunguzia kipimo kwa muda au kumpa dawa ya kutuliza kutapika mpaka hali hiyo ipite.

Kukosa choo kunataka maji. Mama wa kisiwani amezungukwa na maji, lakini ya kunywa ni yale yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kuni ni taabu, basi wengi hunywa vikombe viwili kwa siku na jua lile la kuanikia dagaa. Vikombe vinane si vingi kwake. Papai, parachichi, maharage, mboga za majani na uji wa unga usiokobolewa husaidia. Dawa kali za kuharisha, za dukani au za mitishamba, asizitumie bila kuuliza, kwa kuwa nyingine huchochea tumbo la uzazi.

Wengine hupata kiungulia. Dawa za kutafuna za kiungulia zikimezwa pamoja na chuma huzuia chuma kuingia. Ziachane kwa saa mbili hivi.

Na je, yakishindikana yote hayo? Hapa ndipo twataka mama afungue kinywa. Kuna aina zaidi ya moja ya vidonge vya chuma, na iliyomkera huyu yaweza kukubaliana na tumbo la yule. Kuna vya nguvu ndogo. Kuna dawa ya maji. Zahanati ndogo yaweza kuwa na aina moja tu, ndiyo, lakini nesi akijua ataagiza au atamwelekeza mahali inapopatikana. Asipojua ataandika "ameza vizuri", na namba ya damu ikishuka atashangaa.

Kuna habari nyingine ambayo twaileta kwa tahadhari. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walitangaza mwaka 2017 kwamba wanawake wenye akiba ndogo ya chuma waliomeza kidonge siku moja na kupumzika siku inayofuata walichukua sehemu kubwa zaidi ya chuma katika kila kidonge kuliko waliomeza kila siku. Sababu ni kemikali iitwayo hepsidini inayotengenezwa na ini. Mtu akimeza chuma, hepsidini hupanda na kufunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, na kidonge kinachofuata hukuta mlango umefungwa nusu. Lakini wanawake wale hawakuwa wajawazito, wala hawakuwa na malaria na safura. Kwa hiyo mwongozo kwa mjamzito wa kwetu unabaki kidonge kila siku. Hata hivyo, mama aliyefikia hatua ya kuacha kabisa, amwulize nesi kama aweza kumeza siku moja na kuruka moja, huku damu ikipimwa tena baada ya mwezi. Hilo ni bora mara nyingi kuliko kutomeza. Asimeze viwili kwa pamoja kufidia alichosahau jana, tumbo litamkumbusha.

Upungufu ukiwa mkubwa na tumbo likakataa kila aina, hospitali ina chuma cha kutiwa mshipani kwa dripu, ambacho hakipiti tumboni kabisa. Hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mahali penye mganga na vifaa, kwa kuwa mara chache mtu aweza kupata mzio. Hakipatikani kila mahali, na bei yake si ya kila mfuko, lakini mama ana haki ya kujua kwamba kipo. Mwenye selimundu, au ambaye kwao kuna selimundu, aseme mapema, kwa kuwa upungufu wake wa damu una njia yake ya kutibiwa na huenda chuma kingi kisimfae.

SAHANI, KIKOMBE NA UDONGO

Chakula hakiwezi kuchukua nafasi ya kidonge kwa mama ambaye damu yake imekwisha kushuka. Hilo tuliseme wazi, maana wanaoacha vidonge hujifariji kwa juisi. Kuna imani iliyoenea kwamba chochote chekundu huongeza damu: rozela, nyanya, soda nyekundu. Rangi si chuma. Rozela ni kinywaji kizuri kwa kiu, na soda ni sukari.

Cha kusikitisha ni kwamba Goziba inalala juu ya chakula cha damu na kukiuza. Dagaa huliwa mzima, na samaki wana chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi. Tena wakiliwa pamoja na maharage au mchicha husaidia chuma cha mboga nacho kuingia. Sangara mweupe ni mtamu, lakini katika jambo hili dagaa humzidi. Twajua dagaa ni ada ya shule na petroli ya usiku wa giza ujao. Twajua pia kwamba mjamzito wa miezi miwili huenda harufu yake hawezi hata kuisikia. Basi aliwe baadaye, tumbo likitulia, na baba mwenye mtumbwi atenge kikombe kimoja cha mama kabla gunia halijashonwa. Nyama, na maini kidogo mara moja moja, ni vizuri vikipatikana. Kamulia ndimu kwenye maharage, au kula pera au chungwa baada yake. Uchachu huo huvuta chuma. Mwenye kiungulia aache ndimu, ale papai.

Kuhusu kikombe, sisi Wahaya tutakasirika kidogo. Chai na kahawa huzuia chuma cha chakula na cha kidonge, na ile kahawa yetu ya kutafuna nayo ni kahawa. Hatusemi mgeni asikaribishwe. Twasema mjamzito asitafune wala asinywe chai karibu na chakula au kidonge. Aache saa moja au mbili zipite. Chai ya maziwa haina unafuu katika jambo hili, kwani maziwa nayo hukizuia.

Udongo ni jambo la aibu kwa wengi, kwa hiyo hatutauliza nani anakula. Hamu ya kula udongo yaweza yenyewe kuwa dalili kwamba chuma kimepungua. Lakini vile vipande vinavyouzwa sokoni hunasa chuma tumboni kisiingie, na vyaweza kuleta mayai ya minyoo. Mara nyingi hamu hupungua damu ikipanda. Mama aitaje kliniki kama anavyotaja homa.

MASWALI MAWILI TUNAYOULIZWA

Je, chuma hakilishi malaria? Swali hili ni la akili, na limechunguzwa hapa hapa nchini. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Dar es Salaam kwa wajawazito 1,500 ambao hawakuwa na upungufu wa damu; waliopewa chuma hawakuonekana kuwa na malaria zaidi kwenye kondo la nyuma kuliko ambao hawakupewa. Mama asiache kidonge kwa hofu hiyo. Alale ndani ya chandarua na ameze dawa ya kuzuia malaria kwa zamu zake.

La pili ni juu ya kuongezewa damu. Mkoa wetu una kumbukumbu nzito, kwani ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania mwaka 1983, na wako wazee ambao hadi leo wakisikia "damu" hutaka mgonjwa arudishwe nyumbani. Siku hizi damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika. Anayehitaji damu apewe. Lakini damu haijai yenyewe kwenye chupa, na familia hutakiwa mara nyingi kuleta wachangiaji. Baba wa nyumba, mjue kabla ya mwezi wa tisa ni ndugu gani wawili au watatu walioko nchi kavu watakaoitwa. Mjue mtumbwi ni wa nani na petroli ya dharura imewekwa wapi. Kama namba ya mama bado iko chini katika mwezi wa nane, msingoje uchungu: avuke mapema, ziwa likiwa shwari, akae kwa ndugu karibu na hospitali.

Mwili ulegevu kupita kawaida, moyo kwenda mbio mama akiwa ameketi, kuishiwa pumzi akiwa hajabeba kitu, kuzimia, uso kuvimba: haya hayangoji tarehe ya kliniki. Tazama pia upande wa ndani wa kope la chini na viganja. Vikiwa vyeupe, mpeleke.

Mtoto akishazaliwa vidonge havijaisha kazi. Mama aendelee hadi miezi mitatu, kurudisha kile alichopoteza. Katika miezi hiyo mtoto mkubwa wa nyumba huwa anatambaa au anatembea, naye huona vidonge vyekundu kama peremende. Vichache tu vyaweza kumwua. Wala asipewe hata kimoja kwa nia njema ya kumwongezea damu. Uchunguzi wa Pemba uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo wa mahali penye malaria nyingi waliopewa chuma bila kuchagua waliugua vibaya zaidi. Damu ya mtoto hupimwa na dawa yake ni nyingine. Lile kopo la maziwa, basi, litoke chini ya kitanda, lifungwe kwa mfuniko, lining'inizwe juu kwenye boriti ya paa, pale ambapo mama hulifikia kila jioni na mtoto hawezi.